Mdaiwa wa Kwanza

Tarishi alileta barua ya mahakama Jumanne,
nikaitia saini kwa kalamu ya orodha ya sokoni.
Mdai: mwanangu.
Mdaiwa wa kwanza: mimi, Zdzisława Mroczek, mshonaji.
Mdaiwa wa pili: baba yake, aliyeko Gdynia, asiyepokea simu.

Ndivyo sheria ya kwetu ilivyo:
anayetaka cheti chake cha kuzaliwa kisahihishwe
hana budi kuwashtaki waliomzaa.
Basi tulipanda moja, tiketi nilikata mimi.
Chai ya chupa tulinywea kifuniko kimoja,
tukashuka Toruń, theluji imekanyagwa hadi ikawa tope.
Kalina akanishika mkono ngazini nisiteleze,
kisha akaketi upande wake, nami wangu.

Jaji alivua miwani.
"Mama, lile lililoandikwa siku alipozaliwa,
ndilo lililomtesa?"

Nilitaka kusema ndiyo, yaishe.
Wakili alinionya: jibu fupi.
Lakini mimi ni mshonaji.
Nguo ikimbana mtu, silaumu mwili, silaumu kitambaa;
nauliza nani alipima,
na kwa nini hakurudia kupima.

Siku ile mkunga alimwinua, akatazama mara moja,
akatamka neno moja, kama anayesoma bei.
Halikuniuma. Yeye alilia kwa baridi tu.
Neno dogo lile. Lingeweza kupita.

Halikupita.
Kipolandi kina tabia yake:
nilikula, nililala, niliogopa,
huwezi kuyasema bila kufunga mkiani mwa kitendo
kama wewe ni mume au mke.
Alipofika miaka sita akaacha kabisa wakati uliopita.
"Jana naenda bwawani. Jana naanguka. Jana nalia."
Mwalimu akasema ni uzito wa ulimi,
tukapelekwa kwa mtaalamu wa matamshi, Alhamisi nane.
Na mimi nilimsahihisha. Mezani, kijiko mkononi.
Mtoto hana jana,
nami nahesabu makosa ya sarufi.

Miaka kumi na tatu baadaye nilimuuliza jikoni:
kama ungekulia pasipo na watu,
usiitwe bwana wala bibi,
ungeumia?
Akamaliza kumenya kiazi ndipo akajibu.
"Ningeumia. Siku za kujitazama majini, hasa.
Lakini huko, mama, nani angeniita kwa daftari?"

Yale ya majini siyajui, si yangu kuyapima.
Ninayoyajua ni haya mengine, yenye saa na anwani:
kinyozi aliyembana shingo akinyoa,
daktari aliyecheka puani,
mkagua tiketi aliyeinua kitambulisho
ili behewa zima lilinganishe,
na mimi,
mimi na kijiko changu.

Yote hayo nilimwambia jaji, nikipotea, nikirudi nyuma.
Karani aliandika mistari miwili.

"Kwa hiyo mdaiwa anakubali dai?"

Nikatazama upande wa pili.
Amevaa koti nililomshonea, kifungo cha tatu kimelegea.
Mdai. Ananidai nini mtoto huyu?
Jana zake, naona. Ishirini na nne za miaka,
na hakuna muhuri unaorudisha hata Alhamisi moja.
"Nakubali," nikasema,
sauti ikatoka kana kwamba nakohoa.

Kwenye basi la kurudi, ukungu kwenye vioo,
alianza kunisimulia lile bwawa.
"Nilianguka," akasema,
na mkia wa neno ukawa wake, wa kike, mwepesi,
abiria wa mbele hata hakugeuka.
"Nililia sana. Ukaja na taulo ya kijani."

Taulo nilikuwa nimeisahau.